Kilo 150 za Mtu Tusiyemjua



Mtu akiiona motokaa ya Padre imesimama uani, imeinuka juu, ina matairi yenye meno makubwa na bomba lililopanda hadi paani, husema, "Hii haikwami." Nao watoto huizunguka wakihesabu vyuma vyake. Mimi ni karani wa parokia. Si fundi wala dereva. Lakini mwezi wa Novemba mwaka 2023 nilisafiri siku sita katika motokaa ya namna hiyo, toka Mto wa Mbu hadi ziwa Natron, kisha kupanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Waso, tukilala katika mahema. Nawaandikia habari hizi kwa kuwa katika safari ile nilijifunza jambo lifaalo kwa kila nyumba ya Mkristu, hata nyumba isiyo na baiskeli.

Kwanza niwaeleze juu ya gari lenyewe. Wazee wetu wanakumbuka mapadre waliotembelea vigango kwa miguu, na vijana wakiwachukulia mizigo. Baadaye zikaja baiskeli na pikipiki. Mwaka 1948 Waingereza walionyesha watu kwa mara ya kwanza gari liitwalo Land Rover, katika mji wa Amsterdam, na haikupita miaka mingi likawa limezoeleka katika misioni nyingi za Afrika ya Mashariki. Siku hizi linaloonekana zaidi katika njia mbaya ni Land Cruiser ya Wajapani. Ile yenye umbo la sanduku, ambayo wengi wenu mnaifahamu, jamii yake ilianza kutengenezwa mwaka 1984. Gari la parokia yetu ni la namna hiyo. Nyuma lina mabenchi mawili yanayotazamana. Fundi aliliongezea springi nene, tangi la pili la dizeli la lita 90, sawa na lile la kwanza, winchi mbele kwenye bampa, keria juu ya paa, na lile bomba ambalo watoto hulistaajabia.

Bomba lile si la moshi. Ni pua ya gari. Injini huvuta hewa kama sisi tuvutavyo pumzi, na gari likiingia mtoni pua yake ikiwa chini, litavuta maji. Hewa hukubali kubanwa ndani ya injini, maji hayakubali. Yakiingia, konrodi hupinda au kuvunjika, na safari imekwisha hapo hapo. Kwa hiyo fundi huipandisha pua hadi juu ya paa.

Basi kila kitu kilichoongezwa kina kazi yake. Lakini kila kitu kina uzito wake pia. Jambo hili nilifundishwa na dereva wetu, mzee aliyepita miaka sitini, ambaye ameendesha magari ya misioni tangu ujana wake. Sisi sote humwita Mzee tu. Siku mbili kabla ya kuondoka aliniita uani akasema, "Karani, lete daftari na mizani ya mahindi. Tupime."

Nikadhani anatania. La, hakutania. Alisema ya kwamba gari lile katika mchanga na mawe yeye halipi zaidi ya kilo 900, hata kama kitabu chake charuhusu zaidi. Tukaanza kupima, nami nikaandika. Watu wanne, yaani Padre, Mzee, katekista na mimi, kilo 280. Maji ya kunywa na kupikia lita 120, nayo ni kilo 120, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Hayo ni lita tano kwa kila mtu kila siku, wala hapana ziada ya kuogea. Dizeli ya tangi la pili, kilo 75, kwa sababu dizeli ni nyepesi kuliko maji. Chakula na sufuria, kilo 60. Mahema, magodoro na mablanketi, kilo 55. Tairi moja la akiba zaidi ya lile la kawaida, jeki, spana, sepeto, kamba na vipande vya mbao vya kutilia chini ya matairi, kilo 100. Vyombo vya Misa na masanduku mawili ya katekisimu na vitabu vya nyimbo, kilo 60. Nikajumlisha: 750.

"Zimebaki 150," nikamwambia.

"Zimebaki," akajibu, akafunga benchi la kushoto kwa kamba ili mtu asiweke kitu juu yake.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Katekista wetu alikuwa na kigango upande wa kaskazini wa ziwa ambacho Wakristu wake wamejenga kanisa dogo kwa mikono yao. Kuta zimesimama, bati lipo, lakini sakafu ni vumbi. Alikuwa amepata mifuko mitatu ya saruji kwa michango ya watu maskini, wengine wakitoa shilingi mia tano, wengine kuku. Mfuko mmoja ni kilo 50. Mitatu ni kilo 150 kamili. Wasomaji wapenzi, hata mimi niliona kama Mungu mwenyewe ameipima hesabu hiyo.

"Mzee," akasema katekista, "nafasi ni sawasawa na mzigo. Tupakie."

"Nafasi hiyo ina mwenyewe, Mwalimu."

"Nani?"

"Simjui bado."

Katekista alikasirika, ingawa alijizuia kwa heshima ya umri. Alisema ya kwamba nyumba ya Mungu yaweza kukosaje nafasi kwa ajili ya mtu asiyekuwapo? Tukaenda kwa Padre. Padre akasikiliza pande zote mbili, akakuna kidevu, akasema, "Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Njiani nahodha ni Mzee." Saruji ikabaki stoo. Katekista akapanda gari siku ya Jumatatu akiwa amenyamaza, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko mifuko ile.

Siku ya kwanza tulitoka Mto wa Mbu, tukaliacha lile jabali la Bonde la Ufa upande wa kushoto, tukapita Selela hadi Engaruka. Hapo pana mabaki ya mashamba ya kale: kuta za mawe na mifereji ya kumwagilia, kazi ya watu waliolima pale tangu kama karne ya 15 hadi ya 18. Padre alitusimamisha tuone. Mifereji ile ilichukua maji kidogo ya mto ikayagawanya shamba kwa shamba, kwa kipimo. Tukalala jirani na hapo, chini ya migunga, tukasali Rozari, tukala ugali na dagaa.

Siku ya pili tuliingia katika mchanga na majivu ya volkano. Mzee akasimamisha gari, akashuka, akaanza kutoa upepo katika matairi. Tairi lililokuwa na upepo 40 akalishusha hadi 20, na yote manne vivyo hivyo. Nikamwuliza kwa nini anayalegeza matairi mahali pagumu. Akaniambia nikanyage mchanga kwa kisigino, kisha kwa wayo mzima. Kisigino kikazama, wayo haukuzama. Tairi lililolegea hulala chini kama wayo, likagawanya uzito mahali papana. Tangu hapo tulikwenda polepole, maana tairi la namna hiyo likikimbizwa hupata moto na kupasuka. Na tulipofika penye njia ngumu akayajaza tena kwa pampu.

Mchana tukauona Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, umesimama peke yake kama kichuguu kikubwa. Ni volkano hai. Ililipuka kwa nguvu mwaka 2007 na kuendelea hadi 2008, na majivu yakaanguka mbali. Wenye elimu ya mawe wasema ya kwamba ujiuji wake wa moto hauna mfano katika volkano nyingine hai duniani: hutoka mweusi, si mwekundu, nao ukipoa na kupata unyevu hugeuka kuwa mweupe. Chini yake ni ziwa Natron, lenye magadi hata huchoma ngozi. Heroe huzaa humo kwa maelfu, kwa kuwa wanyama wakali hawawezi kuwafuata katika matope yale. Lakini mwanadamu mwenye kiu hana faida nalo. Nikayatazama madumu yetu ya maji nikaona ya kwamba daftari la Mzee si mzaha.

Engare Sero tulikuta wageni wawili kutoka Ulaya, mtu na mkewe, wamepiga kambi kando ya mto. Gari lao, wapendwa, lilikuwa ajabu. Juu ya paa pana hema linalokunjuliwa kama mwavuli. Nyuma kuna friji, jiko, meza ya kuvuta, tangi la maji lenye bomba, na kitanda cha akiba. Walituonyesha kila kitu kwa furaha, wakatukaribisha chai. Walikuwa watu wema. Gari lao lilikuwa bora kuliko letu mara tatu. Mzee alilikagua lote, akasifu winchi yake, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Karani, umeona viti vingapi?" Nilikuwa nimeona viwili, cha mume na cha mke.

Jumatano tulikuwa na Misa chini ya mti kwa Wakristu wachache wa upande ule. Wazee wa kimila wasio Wakristu walikuja pia wakaketi pembeni, wakasikiliza. Usiku mvua ikanyesha juu, katika milima. Kambini petu yakaanguka matone tu. Simu zetu hazikushika mtandao.

Yapata saa tisa za usiku nikasikia watu wakibisha hodi kwa sauti. Alikuwa kijana wa Kimasai, amevaa shuka, ana tochi na rungu, ametoka jasho. Katekista, ambaye aijua lugha, akatufasiria. Mke wake alikuwa katika uchungu wa uzazi wa kwanza tangu alfajiri ya jana, na mtoto hatoki. Mkunga amesema ya kwamba amefanya yote ayajuayo. Kijana alikuwa amepita kwanza kwa wale wageni, kwa sababu kambi yao ilikuwa karibu na boma lake. Wageni wakaamka, wakafungua gari lao, wakaanza kutoa vitu ili wapate mahali pa kumlaza. Lakini friji imefungwa kwa boliti, jiko limefungwa kwa boliti, tangi la maji limechomelewa. Tulipofika tulimkuta yule bibi amesimama katika mvua na spana mkononi, analia.

Sisi tulifungua kamba moja tu. Benchi la kushoto likawa tupu, tukatandika godoro. Mama yule akalazwa, na mkunga akaketi sakafuni miguuni pake. Mumewe akasimama chini akitutazama, wala hakuomba. Mzee naye akamtazama, akashusha masanduku mawili ya vitabu akayaweka ndani ya boma, akamwambia, "Panda, mwanangu." Yote hayo hayakuchukua hata dakika kumi. Hospitali ilikuwa Waso, kama kilomita 100 mbele, juu ya ukingo wa bonde. Wageni wakasema watatufuata.

Kabla ya kuanza kupanda kuna korongo. Jana yake lilikuwa mchanga mkavu, na watoto walichunga mbuzi ndani yake. Alfajiri ile lilikuwa limejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakishuka kwa kelele pamoja na matawi ya miti. Mvua ya milimani ndiyo iliyoyaleta. Mzee akazima injini.

Ilikuwa saa ngumu. Mama analia nyuma, mkunga anamwimbia taratibu, mume ameshika kichwa. Mtu yeyote angesema, "Vuka!" Mzee akachomeka kijiti mchangani, pale maji yalipoishia, akaketi juu ya jiwe akikitazama. Alinieleza baadaye sababu. Maji yakipanda juu ya kijiti, mafuriko bado yaja, na atakayeingia atakutana nayo katikati. Maji yakikiacha kijiti, mafuriko yamekwisha pita. Tena vyuma vya chini vilikuwa na moto wa safari. Difu lenye moto likitumbukizwa ghafula katika maji baridi huvuta maji ndani kama mtu anavyovuta pumzi akishtuka. Kwa hiyo kungoja kulikuwa na faida mbili. Padre akatoa Rozari, tukaisali kwa sauti, na yule kijana asiyejua sala zetu akainamisha kichwa pamoja nasi.

Tulimaliza mafumbo matano. Kijiti kikawa kimesimama mbali na maji kama urefu wa mkono.

"Maji usiyoyafika hujui wingi wake," akasema Mzee. "Nani ataingia?"

Katekista akavua viatu. Tangu Jumatatu hakuwa amesema na Mzee ila salamu. Akajifunga kamba kiunoni, sisi tukaishika, akaingia akipapasa kwa fimbo. Maji yakamfika magotini, kisha mapajani; katikati akayumba, akasimama, akaendelea. Akarudi akasema, "Kushoto ni shimo. Kulia pana mawe chini, ni pagumu. Fuata pale niliposimama." Akarudi tena majini, akasimama ukingo wa pili kama alama.

Wale wageni wakafunga kamba ya winchi yao nyuma ya gari letu, ili tukipelekwa na maji watuvute kurudi. Mzee akatia gia ndogo yenye nguvu kuliko zote, akaingia polepole, mwendo mmoja, bila kubadili gia na bila kuongeza mafuta. Mawimbi yakatangulia mbele ya bampa. Maji yakaingia milangoni, yakafika vifundoni mwetu. Sikumbuki nilisali sala gani. Kisha mbele ya gari ikainuka, matairi yakauma mawe, tukawa ng'ambo. Tukafungua kamba, wageni wakairudisha, wakatupungia mkono. Wao hawakuvuka, Mzee aliwaomba wabaki, akasema hakuna wa kuwavuta.

Njia ya kupanda ilikuwa ya mawe na mitaro, na gari lililojaa watu saba lilipanda bila kuteleza hata mara moja. Tukapita upande wa Wasonjo, ambao nao wana mifereji yao ya kumwagilia mashamba tangu kale. Toka Sale hadi Waso barabara ilikuwa imekwisha kutiwa lami, nasi tukajaza matairi upepo tukakimbia. Saa tano za asubuhi tukafika hospitali ya Waso, ambayo ni ya Kanisa. Wakampokea mara moja, wakampasua. Saa saba mchana sista akatoka akamwambia yule kijana ya kwamba amepata binti, na mama ni mzima. Kijana hakusema neno. Alitushika mikono mmoja mmoja, na alipomfikia Mzee akainamisha kichwa chake, kama mtoto wa Kimasai afanyavyo mbele ya baba yake, ili aguswe utosini.

Ijumaa tuliteremka tena hadi Engare Sero. Lile tangi la pili lilitufaa hapo, kwa maana kilomita za kwenda Waso na kurudi hazikuwamo katika hesabu yetu ya kwanza. Jioni tukiwa tumeuzunguka moto, katekista akamwuliza Mzee wazi wazi, "Desturi hii ya benchi tupu uliipata wapi?"

Mzee akakaa kimya kitambo. Kisha akatuambia. Mwaka 2011, mnakumbuka, watu maelfu na maelfu walikwenda Samunge, kwa yule mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha dawa. Njia hii ilijaa magari. Yeye alikuwa akipeleka mzigo wa mtu mmoja, gari limejaa hadi paani. Mahali fulani njiani akamkuta baba amebeba mtoto mgonjwa, gari walilopanda limeharibika. Baba akapunga mkono. Mzee akapunguza mwendo, akatazama nyuma, hakuona hata mahali pa kuweka kikapu. Akampa chupa ya maji, akaenda zake. "Sijui walifika," akasema. "Mpaka leo sijui. Tangu siku ile, benchi moja ni la huyo baba."

Katekista hakujibu. Alikwenda kwenye gari, akaifunga ile kamba ya benchi mahali pake.

Mtu ataniuliza: hata kama mngepakia saruji, si mngeishusha? Nimefikiri sana juu ya swali hilo. Kweli, mifuko mitatu yaweza kushushwa. Lakini kwanza, gari lenye mzigo kamili kwa siku mbili za mchanga huenda lisingefika Engare Sero na springi nzima. Na pili, ambalo ni kubwa zaidi: wakati wa shida kila kitu kina mtetezi wake. Saruji ile ni jasho la maskini, tena ni ya nyumba ya Mungu; kuimwaga usiku penye mvua, ikageuke jiwe, nani angethubutu mara moja? Tungesimama, tungeshauriana, tungetafuta turubai. Kila neno lingekuwa la haki, na mama yule angengoja. Nafasi iliyoachwa mapema haina mtu wa kubishana juu yake. Ndiyo tofauti ya dakika kumi na saa nzima.

Nanyi mwajua habari ya Yosefu na Bikira Maria siku ile walipofika Betlehemu. Mara nyingi tunawahukumu watu wa mji ule kana kwamba walikuwa na roho mbaya. Huenda hawakuwa hivyo. Huenda walikuwa watu wema kama wale wageni wa Ulaya, ila nyumba zao zilikuwa zimejaa kabla ya hodi kupigwa. Mtu mwema asiye na nafasi aweza kulia pamoja nawe mvuani, lakini hawezi kukufikisha.

Basi, wenye jamaa, Majilio yakikaribia kila mwaka hufanya hesabu zetu: mahindi ya chakula, ada ya shule, nguo za Noeli, mchango wa kanisa. Tunajaza daftari mpaka mstari wa mwisho, na akija mtu ambaye hakuandikwa humo, mgonjwa, yatima, jirani aliyeunguliwa na nyumba, twamwonea huruma kwa kweli, lakini kila debe limekwisha pata mwenyewe. Mzee ametufundisha kumwandika mtu huyo mapema, hata kabla hatujamjua jina. Debe moja la mahindi lisiwe la mtu. Kitanda kimoja, au hata mkeka, usiwe wa mtu. Siku moja ya juma isiwe na kazi iliyopangwa. Si lazima iwe nyingi. Kwetu ilikuwa sehemu moja kati ya sita. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini mgeni hawezi kuja penye nyumba iliyofungwa kwa boliti.

Kuhusu kile kigango, saruji haikupotea. Mwezi wa Januari, mwaka 2024, njia zilipokauka, lori la mfanyabiashara mmoja lilikwenda upande huo likiwa na nafasi, akaichukua mifuko yote mitatu bure. Sakafu imepigwa. Nimeandika katika daftari la parokia kama ipasavyo: mifuko ya saruji 3, imepokelewa. Na katika ukurasa wa magari, chini ya orodha ya mizigo, Padre ameniagiza niandike mstari mmoja zaidi kwa kila safari, nami huuandika kwa wino: mtu tusiyemjua, kilo 150.